Madai ya Mikorosho Arobaini na Miwili

Morogoro,
9 Mei 1993

Kwa Dada Kijakazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote wa hapo Bungu. Huku hatujambo. Nasra na watoto wanakusalimu. Yule mdogo yuko darasa la pili sasa na anajua kuandika jina la babu yake. Kazi kiwandani inaendelea. Mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi mpaka ukuta wa jirani umeanguka, lakini hakuna aliyeumia.

Nakuja kwenye lililonifanya niandike. Sadala ameniletea habari kwamba alipofika shambani ulimtoa kwa panga. Sadala si mwizi, dada. Nilimtuma mimi. Nilimwandikia kwamba kuanzia msimu huu yeye ndiye atakayesimamia mikorosho yangu, apalilie, aokote, auze. Sasa wanunuzi wa watu binafsi wameruhusiwa kuja na magari yao mpaka vijijini, na Sadala anafahamiana nao. Wewe hujui kuzungumza nao. Nasikia msimu uliopita ulimpa korosho wa kwanza aliyepiga honi.

Mikorosho ile arobaini na miwili niliipanda mimi. Mwaka 1966, baba akiwa huko Salale kwenye delta anakata boriti, nani alibeba maji kutoka kisimani asubuhi na jioni kumwagilia kila shimo? Nilikuwa na miaka kumi. Debe lilinichubua kichwa mpaka leo nywele haziko sawa pale utosini. Na kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Hilo unalijua kama ninavyolijua.

Nakupa mpaka mwisho wa Juni. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, uandike kwamba mikorosho ni yangu na wewe ulikuwa unaitunza tu. Usipofanya hivyo nitafungua madai, na tutaonana mbele ya watu.

Ndani humu kuna karatasi ya mama. Msomee kama nilivyoandika, usiongeze wala usipunguze.

Ndugu yako,
Mshamu


Bungu,
2 Juni 1993

Mdogo wangu Mshamu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Jiko limeanguka kwa mvua, nimelisimamisha mwenyewe. Mama hajambo, goti linamsumbua wakati wa baridi. Binti wa jirani aliyekuwa akikusukia pepeo ulipokuwa mdogo amefariki mwezi wa nne, tumemzika hapa hapa. Naona hukuuliza habari zake, kwa hiyo nakuambia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifikiri imekosewa anwani.

Kama mikorosho ni yako, ilikuwa ya nani mwaka 1986, Huseni aliponiacha nikarudi hapa na mkeka na sufuria mbili? Nilikuta msitu. Watu walipohamishiwa barabarani wakati wa vijiji, shamba liliachwa, na bei ya korosho ilipokufa hakuna aliyekumbuka hata njia ya kwenda. Upupu ulikuwa umepanda mpaka juu ya matawi. Nyani walikuwa wamefanya kwao. Nilifyeka masika mawili, peke yangu, na panga hilo hilo alilolikimbia rafiki yako. Halafu maua yakaja, yakapata ule ugonjwa mweupe, ubwiriunga, yakakauka yote. Mwaka uliofuata nikapuliza salfa, mti kwa mti, alfajiri kabla ya upepo. Kifua changu mpaka leo kinawasha nikilala ubavu wa kushoto. Wewe ulikuwa wapi? Baba alipofariki ulikuja siku ya tatu, ukakaa usiku mmoja, ukaondoka na redio yake.

Unasema ulibeba maji. Maji ya kumwagilia shimo gani? Mashimo yale niliyachimba mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na jembe lilikuwa refu kuliko mimi. Kama mti ni wa aliyeupanda, basi umenishitaki kwa maneno yatakayonipa haki mimi.

Nenda mahakamani. Usinitishe kwa kitu ambacho hujakifanya.

Mama amesikia uliyoyaandika. Hana la kusema.

Dada yako,
Kijakazi


Morogoro,
20 Julai 1993

Dada Kijakazi,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kunifikia, nimeichukua wiki mbili zilizopita kwa mlinzi wa getini. Ukiandika tena usitumie anwani ya kiwanda. Tumia S.L.P. hiyo niliyoandika nyuma ya bahasha, ni ya fundi baiskeli mmoja tunayefahamiana. Barua za kiwandani siku hizi zinapotea.

Sisi wazima. Watoto wako kwa bibi yao Kilosa kwa likizo.

Sikukuandikia nikiwa na hasira, nimesubiri zipungue, na hazikupungua. Hiyo redio baba alinipa kwa mdomo wake. Na kuhusu siku ya tatu, simu ya maandishi iliyopelekwa kazini ilinifikia baada ya siku mbili. Hilo nilishakueleza tukiwa makaburini, ukageuza uso.

Nimekwenda kwa mzee mmoja hapa aliyekuwa karani wa mahakama miaka mingi. Nimemweleza yote, hata yako. Amesema madai yangu yana nguvu nikipata shahidi aliyeona miti ikipandwa. Lakini akasema pia, "Kijana, kabla hujafungua, fikiri unachokitaka. Ukitaka mikorosho, pataneni mgawane. Ukitaka dada yako ashindwe, hapo fungua kesi, ila usije ukashangaa ukishinda na bado huna pa kulala ukienda kwenu." Nimelala na maneno hayo wiki nzima.

Kwa hiyo nakuambia hivi, na sitarudia. Tugawane. Wewe chukua ishirini na mmoja ya upande wa kisima, mimi nichukue ishirini na mmoja ya upande wa barabara. Tuandikishane kwa mwenyekiti, kila mmoja abaki na nakala. Ukikubali, Sadala hatakanyaga upande wako.

Ukikataa, shahidi wangu ni mama. Yeye alikuwepo. Nimemwandikia mara mbili sasa na hajanijibu hata salamu. Hata kama ana hasira na mimi, mama si mtu wa kunyamaza hivyo. Mbona hajanijibu?

Mshamu


Bungu,
15 Agosti 1993

Mshamu,

Wazima. Mikorosho imetoa maua, na mwaka huu nimewahi salfa. Mama anaendelea na goti lake.

Umepanda cheo, naona, mpaka barua zako zinapitia kwa fundi baiskeli.

Nilimwonyesha barua yako Mwalimu Petronila anayefundisha hapa shuleni. Ni mtu wa bara, hana upande kwetu. Alisoma akaniambia, "Dada Kijakazi, mimi ningegawana. Kwetu nimeona kaka wawili walioshitakiana kwa sababu ya migomba. Kesi iliahirishwa mpaka migomba ikazeeka, na watoto wao leo hawasalimiani." Nilimjibu kwamba hayo ni ya kwao.

Lakini sikulala. Kesho yake nilikwenda shambani nikahesabu kuanzia kisimani. Nikafika wa ishirini na mmoja. Ni ule wenye tawi lililolala chini, ambapo nilianguka nikivunja kuni mwaka wa kwanza, nikakaa pale mpaka adhuhuri hakuna aliyepita. Nikatazama ng'ambo, ile ishirini na mmoja unayoitaka. Hiyo ya barabarani ndiyo iliyokuwa na upupu mwingi kuliko yote. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Na wewe umeichagua kwa sababu gari linafika.

Sigawi. Mume niligawana na mwanamke wa Ikwiriri, nikaishia kutoka. Kugawana nakujua.

Na mama usimwite barazani. Ni mtu mzima, hasikii vizuri, na mambo haya hayataki. Ukimsimamisha mbele ya watu achague mtoto, hilo utalijibu mwenyewe kwa Mungu.

Kijakazi


Morogoro,
12 Septemba 1993

Dada,

Shikamoo.

Nimefungua madai kwenye baraza la usuluhishi la kata. Sadala amepeleka maandishi yangu na yamepokelewa. Shauri litasikilizwa tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi. Nimemtaja mama kuwa shahidi. Nitakuja mwenyewe.

Nilikupa nusu. Kumbuka hilo.

Mshamu


Bungu,
17 Oktoba 1993

Mshamu,

Hukuja.

Nakuandikia kwa sababu nimeamrishwa. Mama amekaa hapa mkekani na ameniambia niandike yote yaliyotokea Alhamisi, halafu barua hii itapelekwa kwa Mwalimu Petronila amsomee, aone kama nimeficha kitu. Ndiyo hali niliyomo ndani ya nyumba hii. Soma ufurahi.

Mtumishi wa kata alileta wito nikiwa shambani, akampa mama mkononi na kumweleza. Niliporudi mama alishavaa kanga za kutokea, siku tatu kabla ya shauri. Nilimwambia hana haja ya kwenda. Akaniambia, "Nimeitwa kwa jina langu."

Tulifika saa mbili. Sadala alikuwepo na shati jeupe. Wewe hukuwepo. Tulisubiri mpaka saa nne, mabasi mawili ya kutoka Dar es Salaam yakapita, hukushuka. Mwenyekiti wa baraza akamwuliza Sadala mlalamikaji yuko wapi. Sadala akababaika, mwisho akasema, "Mzee, mwenzangu hana kazi tangu mwezi wa tatu. Kiwanda kimewapunguza. Mke amerudi kwao Kilosa na watoto. Yeye analala dukani kwa fundi baiskeli. Labda ameona haya."

Mama alikuwa amekaa karibu nami. Akaniuliza, si kwa sauti ndogo, "Wewe ulijua haya?"

Nikasema sikujua. Na sikujua, Mshamu. Uliniandikia likizo, ukaniandikia kazi inaendelea.

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Bi Tabu, hapa imeandikwa kwamba mwanao alikuandikia barua mara tatu kuhusu mikorosho hii na hukumjibu. Kwa nini?"

Mama akasema, "Barua zipi?"

Hapo nilitamani ardhi inipokee. Karatasi zako ninazo zote tatu, ziko ndani ya kibati cha unga. Sikumsomea hata moja. Ya kwanza nilisema nitamsomea kesho. Halafu ikawa siwezi tena. Alinitazama, halafu akamgeukia mwenyekiti kana kwamba mimi sipo.

"Uliza ulichoniitia," akasema.

"Tunataka kujua mikorosho ile alipanda nani. Kijakazi anasema alichimba mashimo. Mshamu anasema alibeba maji."

"Wote wawili wanasema kweli."

"Basi ni ya nani?"

"Yangu," mama akasema.

Mmoja wa wazee akacheka kidogo, akadhani hakusikia swali. Akarudia kwa sauti. Mama akamwambia, "Nasikia. Mume wangu alikuwa Salale, hakurudi mwaka mzima. Mbegu nilizitoa kwetu Ruaruke, kwa mama yangu, nimezibeba kichwani siku mbili. Nilizichagua kwa kuziloweka, zilizoelea nikatupa. Nilizitia ardhini kwa mkono huu, mbili mbili kila shimo, na zilipoota nikang'oa dhaifu. Aliporudi alikuta zimeshafika magotini, akasema Tabu umefanya jambo. Hakuwahi kusema ni zake. Hawa walikuwa watoto, niliwatuma."

"Una shahidi, mama?"

"Mashahidi wangu si hawa? Mmoja alichimba, mmoja alileta maji. Waulizeni nani aliwatuma."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kijakazi, nani alikutuma?"

Kulikuwa na watu zaidi ya thelathini. Ningeweza kusema sikumbuki. Nilikumbuka, Mshamu, hapo hapo nilikumbuka, alisimama nyuma yangu akanipima shimo kwa mpini wa jembe na kusema liongeze. Miaka yote hii nilikumbuka jembe na sikumkumbuka aliyesimama nyuma.

Nikasema, "Mama."

Nikadhani nitalia, sikulia. Nilimwuliza mwenyekiti, na jasho langu je? Kufyeka, salfa, kifua changu? Mama akajibu kabla yake. "Umeokota misimu mitano. Umejenga nyumba na umenilisha. Nilikuona na sikukuuliza, kwa sababu nilidhani unajua unaokota kwa nani." Halafu akasema, "Mwaka huu wanunuzi wamekuja na magari, kila mmoja kakumbuka ana mti. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi sijafa."

Baraza limeandika kwamba mikorosho arobaini na miwili ni ya Bi Tabu mpaka atakapoamua mwenyewe. Asiyeridhika ana haki ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Wewe unaweza kwenda. Na mimi pia naweza. Nimelifikiria hilo siku tatu, nisikufiche. Kumshitaki mama kwa jasho langu.

Sasa ananiambia niandike kama anavyosema mwenyewe: "Mshamu. Umelala dukani kwa mtu miezi saba na una mama. Sijakuandikia kwa sababu sikujua umeniandikia. Kama una la kuniambia, niambie mimi. Mti wangu usiuitie watu."

Hayo ndiyo yake. Yangu ni haya: Sadala nilimwona saa kumi jioni siku hiyo hiyo akimfuata mama kumwuliza kama angependa kusimamiwa. Mama alimjibu mwenyewe. Rafiki uliyemchagua ndiye huyo.

Kijakazi


Morogoro,
8 Novemba 1993

Dada Kijakazi,

Shikamoo.

Nilikuja. Tarehe 13 nilifika Dar es Salaam, nikaenda mpaka stendi ya mabasi ya kusini. Kwenye foleni niliwaona watu wawili wa Bungu. Nilikuwa nimeondoka kwetu nikisema nitarudi na tofali za kuchoma nimjengee baba. Mkononi nilikuwa na mfuko wa nailoni wenye shati moja. Mmoja wao aliniita kwa jina. Nikajifanya si mimi, nikageuka, nikarudi Morogoro na gari la mkaa.

Hayo yote aliyosema Sadala ni kweli, ila Nasra hakuondoka kwa ugomvi. Nilimpeleka mwenyewe, watoto wapate kula. Nilitaka mikorosho kwa sababu sikuwa na kitu kingine duniani ambacho ningeweza kusema ni changu nikawarudishia. Nilipokuandikia mwezi wa tano nilikuwa na wiki tisa bila kazi. Sikutaka uniambie karibu nyumbani kwa huruma. Nilitaka nirudi mwenye mali.

Nimemwandikia mwenyekiti wa baraza kwamba nakubali uamuzi na siendi mahakamani. Kukushitaki wewe niliweza, mama siwezi.

Lakini usidhani tumemaliza. Ulizificha barua zangu. Miezi mitano nililala nikijua mama yangu amenikataa. Nilifika mahali nikasema, kama mama hataki hata kunijibu, kwa nini nisiwaburuze wote barazani? Hilo ulilifanya wewe, kwa mkono wako, na kibati chako cha unga. Ungemsomea ile ya kwanza tu, yote haya yangekwisha mwezi wa tano. Angesema mikorosho ni yake, tungenyamaza sote wawili.

Na wewe umefikiria kumshitaki. Umeliandika mwenyewe. Usije ukanihubiria tena mimi juu ya Mungu.

Kuhusu ule mti wa ishirini na mmoja, sikujua kwamba ulianguka.

Bahasha ndogo iliyo ndani ni ya mama. Nimeifunga kwa gundi.

Mshamu


Bungu,
30 Novemba 1993

Mshamu,

Wazima. Tunaokota tangu wiki iliyopita, na mabibo yameanguka mengi kuliko mwaka jana.

Bahasha yako nilimpa mama kama ilivyo. Aliigeuza kuona gundi, akachukua fimbo yake, akaenda nayo shuleni kwa Mwalimu Petronila na goti lile lile. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Alirudi baada ya saa sita mchana. Sijui uliandika nini na sikuuliza. Alikaa nje peke yake mpaka chakula kikapoa.

Kuhusu barua za kwanza sina la kujitetea. Nilizificha kwa sababu nilijua mama akisikia una shida atakuita, na ukija nitakuwa mimi tena yule aliyerudi na sufuria mbili. Mwanamume akirudi kwao huitwa amerudi. Mimi niliitwa nimeachwa. Hayo nimekuambia, na kuomba radhi siwezi leo.

Mahakamani siendi. Mwalimu ameniuliza ningemwambia nini hakimu, nikajikuta sina sentensi ya pili.

Mama ameamua hivi, na ameniagiza nikuandikie. Hakuna kugawana. Mikorosho inabaki yake. Atakayekuwepo ataokota na atakula, asiyekuwepo asiseme. Wewe utafyeka upande wa barabara, upupu umeanza kurudi. Salfa mwakani utapuliza wewe, kwa ajili ya kifua changu. Mnunuzi tutazungumza naye wote watatu, na Sadala asikanyage. Yeye mama akifa, tutafanya tunavyotaka, lakini amesema hafi hivi karibuni.

Kulala: vyumba ni viwili. Mimi changu sihami. Mama amesema atakuachia chake na atalala na mimi. Anakoroma na anachukua mkeka wote. Hujafika, na umeshaninyang'anya usingizi.

Tangu juzi ametoa kigoda chake na kukipeleka barabarani. Basi la kutoka Dar es Salaam likipunguza mwendo, anasimama. Likipita, anakaa. Nimemwambia hujaandika siku ya kuja, hasikii. Nimempelekea maji na kanga ya kujifunika kichwa. Mimi sikuiti, Mshamu. Ila njoo upesi, kwa sababu jua la mwezi huu ni kali na hataki kuondoka pale.

Kijakazi